Masaji Haitoi Sumu: Kinachotokea Mwilini Unapokandwa

Matangazo ya masaji yanaahidi mambo mengi: kutoa sumu, kuyeyusha mafuta, kuzibua mishipa, kumaliza msongo wa mawazo kwa saa moja. Upande wa pili wapo wanaoshikilia kwamba masaji ni starehe tu ya wenye nafasi, haina msaada wowote kiafya. Mtu aliyechoka, mwenye shingo iliyokakamaa na usingizi wa mang'amung'amu, anabaki katikati hajui amsikilize nani.

Naona pande zote mbili zinapotea kwa sababu moja: zinatafuta kitu ambacho masaji inakitoa mwilini. Hakuna kinachotoka. Mikono ya mkandaji inapeleka taarifa kwenye ubongo, kupitia ngozi na misuli, kwamba hatari imepita. Ubongo ukisadiki, mwili unarudi kwenye kazi ya kujikarabati ambayo msongo ulikuwa umeiahirisha. Ukilielewa hilo, inakuwa rahisi kupambanua masaji inaweza nini na haiwezi nini.

Mwili ukiwa kwenye msongo

Watu wengi wakisema wana msongo humaanisha mawazo mengi. Kitabibu maana yake ni pana zaidi: ni mwili mzima kujiweka tayari kukabili jambo unaloliona kuwa tishio, liwe mbwa anayekuja mbio au barua ya kudaiwa deni. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza mwaka 1915 jinsi mnyama aliyetishwa anavyoandaliwa kwa muda mfupi sana ama apigane ama akimbie. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti Montreal, Kanada, akaonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Panya wake walipata usumbufu wa kila aina, baridi, majeraha, kuchoshwa kupita kiasi, na miili yao ikajibu kwa namna inayofanana. Usumbufu ulipodumu, tezi za adrenali, zile ndogo zilizokaa juu ya figo, zilivimba, viungo vya kinga vilisinyaa na vidonda vikatokea tumboni. Maandalizi yaleyale yanayookoa maisha kwa dakika chache yanauchakaza mwili yakikaa wiki na miezi.

Msimamizi wa haya yote ni mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe, ule unaopigisha moyo na kusukuma chakula tumboni bila kusubiri amri yako. Una matawi mawili. La kwanza, tuliite tawi la hamasa, ndilo linaloharakisha mambo. La pili, tawi la utulivu, hupunguza kasi ya moyo na kuamsha usagaji wa chakula, na njia yake kuu ni neva ndefu iitwayo vagasi, inayoteremka kutoka shina la ubongo, ikapita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Matawi haya yote mawili yapo kazini saa zote. Kinachobadilika ni lipi lina nguvu kuliko jingine.

Tawi la hamasa likizidi, tezi hizo za adrenali humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, tumbo linapunguza kazi. Adrenalini haikai, ndani ya dakika chache sehemu kubwa imeshavunjwavunjwa. Nyuma yake inakuja kotisoli, homoni inayopanda taratibu, ikafika kilele baada ya kama dakika 20 hadi 30, kisha ikachukua saa moja au zaidi kushuka. Kotisoli yenyewe si adui. Kila asubuhi hupanda ili kutuamsha, na usiku hushuka. Ubaya unakuja pale tishio jipya linapofika kabla la jana halijaisha.

Fikiria barabara yenye mashimo. Mafundi wapo, lami ipo, lakini magari hayakomi kupita, kwa hiyo hakuna anayeweza kushusha koleo. Mwili wenye msongo wa kila siku uko hivyo. Kusaga chakula vizuri, kuunga nyuzi za misuli zilizochanika, kuimarisha kinga, kulala usingizi mzito, zote ni kazi zinazosubiri barabara ifungwe kwa muda.

Kwa hiyo tunaposema utulivu hatumaanishi kukaa bila kazi. Mtu anaweza kushinda kitandani siku nzima huku meno ameyauma, mabega ameyapandisha na mawazo yanazunguka palepale. Huyo hajatulia, amelala chini tu. Utulivu ni ile hali ambayo tawi la pili limepata nguvu: moyo umepungua kasi, pumzi zimerefuka, misuli imelegea, tumbo limeanza kufanya kazi.

Kwa nini msongo unakaa mabegani

Msuli mpana unaotoka kisogoni na kushuka hadi mabegani ni wa kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo wengi huonyesha kwa kidole wakiulizwa wanaumwa wapi. Ukimwekea mtu vifaa vya kupima umeme wa misuli kisha ukampa hesabu ngumu za kichwani, msuli huo mara nyingi huongeza kazi ingawa hajabeba hata karatasi. Ubongo unaandaa mwili kupokea pigo ambalo haliji. Kazi hiyo ni ndogo, haichoshi kwa dakika tano, lakini nyuzi zilezile zikibaki zimekaza tangu asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, zinaanza kuuma.

Hapo duara linafunga. Maumivu yanaharibu usingizi, na aliyelala vibaya huhisi maumivu zaidi kesho yake. Maumivu nayo ubongo huyasoma kama tishio, kwa hiyo unakaza tena. Mtu kama huyo ukimwambia "tulia" humsaidii, kwa sababu amri inatoka juu ilhali taarifa za kutisha zinapanda kutoka chini. Ndiyo maana njia ya kupitia mwilini, kwa mikono au kwa pumzi, mara nyingi inafika mahali ambapo maneno yameshindwa.

Mkono unapogusa ngozi

Ngozi ina vipokezi vya mgandamizo ambavyo sayansi imevielewa vizuri miaka ya karibuni tu. Ardem Patapoutian alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na David Julius, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kugundua protini zinazogeuza mgandamizo kuwa ishara ya umeme ndani ya neva. Kutoka kwenye ngozi yenye vinyweleo, ishara za mguso husafiri kwa njia mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni ya haraka, makumi ya mita kwa sekunde. Inaueleza ubongo umeguswa wapi na kwa nguvu kiasi gani. Njia ya pili ni ya polepole, kama mita moja kwa sekunde, na nyuzi zake, zilizochunguzwa sana na watafiti wa Uswidi tangu miaka ya 1990, hazijali sana umeguswa wapi. Zinajibu mguso mwepesi unaotembea kwa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, hasa mkono ukiwa na joto la ngozi ya kawaida, na ujumbe wao unaishia kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na hali ya ndani ya mwili. Jaribu sasa hivi: pitisha kiganja chako kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono, uchukue kama sekunde nane. Sasa rudia kwa sekunde moja. Ule wa kwanza ni mguso wa kubembeleza, wa pili ni kama unajifuta vumbi. Wazazi walipoombwa wawapapase watoto wao wachanga walitumia mwendo huo wa polepole bila kufundishwa na mtu.

Masaji lakini haiishii kwenye ngozi, na hapa lipo jambo linalochanganya. Mguso mwepesi mno, hasa wa mtu usiyemfahamu, unaweza kutekenya au kukufanya ukae chonjo. Watafiti walipolinganisha mgandamizo hafifu na wa wastani, ule wa wastani ndio ulioshusha mapigo ya moyo na kuonyesha dalili za neva ya vagasi kuamka. Mgandamizo wa wastani ni ule unaosogeza nyama iliyo chini ya ngozi bila kukufanya uzuie pumzi.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa sababu mtoto mchanga hajasoma tangazo wala hana matarajio. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambao watoto njiti walipapaswa na kunyooshwa viungo kwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi kwa siku kuliko wenzao, ingawa hawakunyweshwa maziwa zaidi. Utafiti uliofuata ulielekeza kidole kwenye neva ya vagasi: ikiamka, tumbo husukuma na kusaga vizuri zaidi. Hata watu wazima wanalijua jambo hili bila kulitilia maanani. Katikati ya masaji tumbo linaanza kunguruma, mtu anaona aibu, kumbe ni tawi la utulivu limeingia kazini.

Kuhusu kupunguza maumivu, Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango linaloamua ishara zipi zipande hadi ubongoni, na kwamba ishara za mguso zinaweza kuzibania nafasi zile za maumivu. Mambo mengi ya nadharia hiyo yameboreshwa tangu wakati ule, lakini wazo la msingi limebaki. Ukijigonga goti unalisugua papo hapo, na kweli linapoa kidogo.

Yale yanayosemwa sana

Tuanze na hili ambalo hata wataalamu wengi wa masaji wanalirudia: kwamba masaji inashusha kotisoli kwa kiasi kikubwa. Christopher Moyer, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya tafiti zilizopo na kuchapisha majibu mwaka 2011. Alikuta athari ya masaji kwenye kotisoli ni ndogo sana, na katika vipimo vingi haitofautiki na sifuri. Lakini mwaka 2004 yeye huyohuyo na wenzake walikuwa wamepitia tafiti 37 na kukuta kwamba kikao kimoja hupunguza wasiwasi wa wakati ule, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kwamba vikao vingi mfululizo hupunguza wasiwasi wa kudumu na dalili za sonona kwa kiwango kinachokaribiana na cha tiba ya mazungumzo.

Watu wakisikia haya mawili hudhani yanapingana. Hayapingani. Kotisoli ni kipimo kimoja tu, hubadilika kwa saa ya siku, chakula na usingizi, na haisemi mwili wote unafanya nini. Mfumo wa neva unaweza kutulia ndani ya dakika chache wakati homoni hiyo haijasogea. Ni haki pia kusema kwamba utafiti wa masaji una ugumu wake wa asili: vidonge unaweza kumpa mtu vya bandia asijue, lakini huwezi kumkanda mtu asijue kama amekandwa. Sehemu ya nafuu hutokana na kutarajia nafuu, na nyingine na kulala chini saa nzima bila simu, mbele ya mtu anayekushughulikia kwa upole. Mimi sioni kwamba hilo linaishushia masaji thamani yake. Kujihisi salama mikononi mwa mtu ni taarifa ileile ambayo ubongo ulikuwa unaisubiri.

Sumu, hapana. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, usiku na mchana, ukandwe usikandwe. Ukitoka kwenye masaji kunywa maji kama una kiu, lakini hakuna sumu inayosubiri kusukumwa nje.

Asidi ya laktiki nayo inasingiziwa bure. Laktiki inayotengenezwa wakati wa mazoezi makali huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi, wakati maumivu ya misuli hufikia kilele kati ya siku moja na tatu baadaye. Chanzo chake ni michubuko midogo kwenye nyuzi za misuli na mwili kuvimba kidogo ili kuiponya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha mwaka 2012 utafiti wa vijana 11 waliochoshwa kwa baiskeli, kisha kila mmoja akakandwa paja moja kwa dakika 10 na lingine likaachwa. Walichukua vipande vidogo vya nyama kutoka mapaja yote mawili. Laktiki ilikuwa sawa pande zote. Tofauti ilikuwa kwenye ishara za uvimbe, ambazo zilikuwa chini zaidi kwenye paja lililokandwa. Ni utafiti mdogo, usibebeshwe mzigo usioweza kuubeba, lakini unaonyesha kwamba mgandamizo unabadilisha jinsi chembe za msuli zinavyoshughulikia ukarabati wao.

Na yale "mafundo" ya mgongoni? Misuli haijifungi fundo. Mkandaji anapapasa sehemu iliyokaza na yenye kuuma kuliko jirani zake, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu undani wake. Usikubali mtu akakwambia lazima alivunje kwa kiwiko. Imani kwamba masaji isiyouma haifanyi kazi imewaacha watu na mavilio na mishipa iliyojeruhiwa. Ukiona umekunja vidole vya miguu na kuzuia pumzi, mwili wako unajilinda, yaani tawi la hamasa limerudi, na lengo la kuja pale limeshapotea. Sema. Mkandaji mzuri hupunguza nguvu mara moja bila kujitetea.

Wakati wa kutokandwa

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na kuuma kwenye nyama ya nyuma, usikandwe hata kidogo, nenda hospitali. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuisukuma kunaweza kuipeleka kwenye mapafu. Mwenye homa, mwenye maambukizi ya ngozi, aliyevunjika mfupa au mwenye jeraha bichi asubiri. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mifupa iliyodhoofika, mjamzito na anayetibiwa saratani wazungumze kwanza na daktari, kisha wamweleze mkandaji wazi. Wengi wao wanaweza kukandwa kwa upole, ila lazima ajulikane mapema nani yuko mikononi. Shingo isigeuzwe kwa ghafla hadi ilie, kwa sababu mishipa inayopeleka damu ubongoni inapita hapo na inaweza kuchanika.

Na maumivu ya kifua, ganzi mkononi, au huzuni inayomfanya mtu aone maisha hayana maana, hayo si ya kupeleka kwenye kitanda cha masaji. Ni ya daktari, na leo, si wiki ijayo.

Nafuu ya masaji ina mwisho wake pia. Inaweza kudumu saa kadhaa au siku chache, kisha maisha yanaendelea. Kama kazi inamtaka mtu afanye ya watu watatu, mabega yatakaza tena Jumatatu. Shirika la Afya Duniani lilipoingiza uchovu wa kupindukia wa kazini kwenye orodha yake mwaka 2019 liliueleza kuwa ni jambo litokanalo na kazi, na halikuuweka kwenye kundi la magonjwa. Waajiri wanaolipia masaji ya wafanyakazi huku wakiwaongezea saa za kazi wanapaswa kulisoma hilo kwa makini.

Bila mkandaji

Kwa kuwa taarifa ndiyo inayotakiwa, mikono ya mtu mwingine si njia pekee ya kuipeleka. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago alichapisha mwaka 1929 mbinu yake ya kulegeza misuli hatua kwa hatua, na bado inatumika. Alichogundua ni kwamba watu wengi hawajui kama wamekaza, kwa hiyo inabidi wakaze kwanza ndipo watambue. Kaa au lala. Kunja ngumi ya kulia kwa sekunde tano, uhisi mvuto unavyopanda hadi kwenye kiwiko, kisha achia kwa mara moja na usifanye chochote kwa sekunde kama ishirini. Angalia tofauti kati ya mkono huo na wa kushoto. Hamia kushoto, kisha mabega kwa kuyapandisha kuelekea masikioni, taya, tumbo, mapaja, nyayo. Sehemu uliyojeruhiwa iruke.

Pumzi ni njia fupi zaidi. Moyo huharakisha kidogo unapovuta hewa na kupunguza mwendo unapoitoa, na upunguzaji huo ni kazi ya vagasi. Ukirefusha kutoa kuliko kuvuta, kwa mfano kuvuta kwa kuhesabu hadi nne na kutoa hadi sita, unafikia pumzi sita kwa dakika, mwendo ambao moyo na mapafu huenda pamoja vizuri. Herbert Benson wa Harvard alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mtu akikaa kimya na kurudia neno moja kwa pumzi tulivu, mwili wake hutumia oksijeni kidogo zaidi na moyo hupungua kasi. Aliona ni kinyume kamili cha ile hali aliyoieleza Cannon.

Wapo watu ambao wakijaribu kutulia wanazidi kuwa na wasiwasi. Wakifumba macho moyo unadunda, au wakiguswa mgongoni wanashtuka. Hawakosei na hawana ubishi. Mwili uliokaa chonjo kwa muda mrefu, au ulioumizwa na mtu, unaona kulegea kuwa ni kuacha lango wazi. Mtu kama huyo asilazimishwe kulala kifudifudi kwenye chumba chenye giza. Aanze akiwa amekaa, macho wazi, mgongo ukiegemea ukuta, pumzi ndefu kwa dakika mbili au tatu basi. Akitaka kukandwa, aanze na mikono na nguo zake mwilini, na yeye ndiye aseme lini iishe.